Kuendesha GitHub Codespaces kwa amri ya gh: kuunda, kuingia, kuzima na kufuta

Codespaces ni mashine za wingu za GitHub ambamo unaandika na kuendesha msimbo wako; kila moja hapa nitaiita mashine au mazingira. Maswali yanayorudi kuhusu Codespaces ni matatu. Mbona saa zangu za bure zimekwisha kabla ya mwezi kufika nusu? Mbona ssh inanikataa? Na kazi yangu ya jana imekwenda wapi?

La kwanza na la tatu yana mzizi mmoja. Mtu hufunga terminali akidhani amezima mashine. Mwingine huzima akidhani amefuta. Mwingine anafuta akiamini kila alichoandika kilikuwa kimeshafika kwenye repo. Kutoka si kuzima, kuzima si kufuta, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokusukumia kazi yako GitHub. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua git kiasi cha kutengeneza tawi na kusukuma mabadiliko. Kama bado, anza na git kwanza, hiki kitakusubiri.

## Vitu vya kuwa navyo

- Akaunti ya GitHub. Ya bure inatosha. Kila mwezi inakupa saa 120 za kiini kimoja cha prosesa na hifadhi ya GB 15 kwa mwezi. Akaunti ya Pro inapata saa 180 na GB 20.
- Repo unayoruhusiwa kuiandikia. Nitatumia `jina-lako/duka`, mradi wa Django (tovuti ya Python), kama mfano.
- Programu ya `gh`, ya kuendesha GitHub kwa amri za terminali. Ndiyo tutakayoisakinisha katika hatua ya 1.
- Programu ya `ssh`, ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Andika `ssh -V`. Ikikujibu kwa namba ya toleo, unayo.
- Intaneti ya kuaminika, si lazima iwe ya kasi. Terminali hutuma na kupokea herufi tu, kwa hiyo bando haliliwi kama unapofungua kihariri kizima ndani ya kivinjari. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia amri badala ya kubofya.

### Hesabu ya saa, kabla hujagusa kitu

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Zile 120 si saa za ukutani. Zinagawanywa kwa idadi ya viini vya mashine uliyochagua. Mashine ya viini 2 inakupa saa 60 kwa mwezi. Ya viini 4 inakupa 30, na ya viini 8 inakupa 15 tu. Anayechagua mashine kubwa "ili iwe na kasi" kwa kazi ya kuhariri faili za HTML anajimaliza mwenyewe.

Hifadhi nayo ina hesabu yake, na inahesabiwa hata mashine ikiwa imezimwa. Inaacha kuhesabiwa ukifuta.

Kama hujaweka kadi ya malipo, mgao ukiisha unazuiwa mpaka mzunguko mpya uanze; hudaiwi kitu. GitHub hutuma barua pepe mgao ukifika asilimia 75, 90 na 100. Usizipuuze.

## Hatua ya 1: Sakinisha gh

Kwenye Windows:

```
winget install --id GitHub.cli
```

Kwenye Mac yenye Homebrew:

```
brew install gh
```

Kwenye Fedora ni `sudo dnf install gh`. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install gh` inafanya kazi, lakini toleo lililomo kwenye ghala la Ubuntu lenyewe huwa la zamani. Ni bora kuongeza ghala rasmi la GitHub CLI kwa kufuata maelezo yao ya usakinishaji wa Linux. Mwenye simu ya Android na Termux anaweza kuandika `pkg install gh openssh`. Kioo ni kidogo, lakini kwa kuzima mashine uliyoisahau ukiwa ndani ya daladala kinatosha.

Utajua umefaulu ukifunga terminali, ukafungua nyingine, na `gh --version` ikakupa namba. Watumiaji wa Windows wasiofungua terminali mpya ndio huambiwa amri haijulikani.

## Hatua ya 2: Ingia, na uombe ruhusa ya codespace

```
gh auth login -s codespace
```

Chagua GitHub.com, kisha HTTPS, kisha kuingia kwa kivinjari. Utapewa msimbo mfupi wa kuandika kwenye ukurasa wa `github.com/login/device`. Kivinjari kinaweza kuwa kwenye kifaa kingine kabisa, hata simu.

Kipande cha `-s codespace` ndicho kinachosahaulika. Ukiingia kwa `gh auth login` tupu, unapata ruhusa ya repo lakini si ya mazingira ya wingu, na amri ya kwanza ya Codespaces inakurudishia kosa la 403 linalosema unahitaji haki za msimamizi wa repo. Watu husoma mstari huo wa kwanza, wanaanza kumtafuta mwenye repo awaongezee haki, na hali tatizo liko kwenye tokeni yao, yaani ule ufunguo ambao `gh` ilipewa walipoingia. Kama uliingia zamani, rekebisha hivi:

```
gh auth refresh -h github.com -s codespace
```

Angalizo: ikiwa kompyuta yako ina kigeu cha mazingira kiitwacho `GITHUB_TOKEN`, labda ulikiweka kwa ajili ya kazi nyingine, `gh` itakitumia hicho na kupuuza ulivyoingia. Kiondoe kwa `unset GITHUB_TOKEN` kisha urudie.

Utajua umefaulu ukiandika `gh auth status` na kuona neno `codespace` kwenye orodha ya ruhusa za tokeni.

## Hatua ya 3: Unda mazingira

Unaweza kuandika `gh codespace create` peke yake ikakuuliza maswali. Mimi napendelea kuandika yote, kwa sababu mambo mawili muhimu zaidi haikuulizi:

```
gh codespace create \
  -R jina-lako/duka \
  -b main \
  -m basicLinux32gb \
  -l WestEurope \
  -d duka-malipo \
  --idle-timeout 15m \
  --retention-period 168h
```

Kwenye PowerShell andika yote katika mstari mmoja. Alama ya `\` mwishoni mwa mistari ni ya Linux na Mac.

Sasa sababu.

`-m basicLinux32gb` ni mashine ya viini 2. Anza nayo. Ikikulemea, utaikuza baadaye kwa `gh codespace edit -m standardLinux32gb`, ambayo ni ya viini 4, bila kupoteza faili. Ukubwa mpya unaanza kazi mashine inapowashwa tena.

`-l` ni eneo. Yako manne: EastUs, WestUs2, WestEurope na SouthEastAsia. Usipotaja, GitHub huchagua kwa kukisia mahali ulipo, na ukiwa umewasha VPN kisio hilo huenda kombo. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, jaribu WestEurope kwanza, maana sehemu kubwa ya nyaya za baharini kutoka pwani yetu hupanda kwenda Ulaya kupitia Bahari ya Shamu. Ukipewa mashine ya Marekani utahisi kila herufi unayobonyeza ikichelewa kutokea.

`--idle-timeout 15m` ni muda wa kujizima yenyewe ukiiacha bila kuigusa. Usipoandika kitu, ni dakika 30. Inakubali kuanzia dakika 5 hadi 240. Uamue hapa, wakati wa kuunda, kwa kuwa `gh codespace edit` haina kipengele cha kuubadilisha.

`--retention-period 168h` inasema mashine ikikaa imezimwa siku 7 bila wewe kuunganishwa nayo, ifutwe. Kikomo ni siku 30, na ndicho kinachotumika usipotaja. Onyo: usiandike `0`. Maana yake ni kwamba mazingira yafutwe mara tu yakizimwa, pamoja na kujizima kwenyewe baada ya ule muda wa kimya. Umeenda kula, umerudi, hakuna kitu.

`-d` ni jina la kuonyesha. Mashine hupewa jina rasmi la maneno ya kubahatisha na herufi mwishoni. Ukiwa na tatu bila majina ya kueleweka, utafuta isiyostahili.

Utajua umefaulu amri ikimaliza kwa kuchapisha hilo jina rasmi refu. Ukiona ujumbe unaosema lazima ukubali au ukatae ruhusa za ziada, ni kwamba repo imeomba kuzifikia repo nyingine. Fungua kiungo ulichopewa, au ongeza `--default-permissions` ukitaka kuendelea bila ruhusa hizo.

## Hatua ya 4: Ingia ndani, na ujikinge na mtandao unaokatika

```
gh codespace ssh
```

Ukiwa na mazingira zaidi ya moja itakuuliza uchague. Kuandika `codespace` kila mara kunachosha, kwa hiyo kuanzia hapa nitatumia kifupi chake, `gh cs`. Huna haja ya kutengeneza ufunguo wa SSH. `Gh` hujitengenezea wa kwake.

Mashine ikiwa imezimwa, amri hii inaiwasha. Vivyo hivyo kwa amri nyingine zinazohitaji kuifikia, kama `gh cs cp` ya kunakili faili. Umenakili picha moja, na saa zimeanza kuhesabika.

Utajua umefaulu ukiona uko ndani ya folda `/workspaces/duka`.

### Ikikataa ikisema hakuna seva ya SSH

Hili ndilo lile swali la pili. Picha ya kontena, yaani kiolezo ambacho mazingira hujengwa kwacho, inayotumika repo isipokuwa na mipangilio yake ina seva ya SSH tayari. Repo yenye faili lake la `.devcontainer/devcontainer.json`, linalotaja picha nyingine, huenda haina. Ongeza mstari wa `sshd`:

```
{
  "image": "mcr.microsoft.com/devcontainers/python:3.12",
  "features": {
    "ghcr.io/devcontainers/features/sshd:1": {}
  },
  "postCreateCommand": "pip install -r requirements.txt"
}
```

Fanya mabadiliko haya kwenye kompyuta yako, yasukume GitHub, kisha futa mazingira mabovu na uunde mapya. Ipo amri ya `gh cs rebuild`, lakini yenyewe husoma faili lililomo ndani ya mazingira, ambamo huwezi kuingia. Kwa mazingira mapya yasiyo na kazi ndani yake, kufuta ni haraka zaidi.

### tmux, kwa ajili ya umeme na bando

Umeme ukikatika au bando likiisha, muunganisho wa ssh unakufa na amri iliyokuwa ikiendelea hufa nao. Kinga yake ni tmux, programu inayoziweka hai terminali zako ndani ya mashine. Mara tu ukiingia, fanya hivi:

```
sudo apt update && sudo apt install -y tmux
tmux new -A -s kazi
```

Sasa kazi inaendelea ndani ya tmux hata wewe ukipotea hewani. Ukirudi, `gh cs ssh`, kisha `tmux new -A -s kazi`, na unakuta kila kitu kilipokuwa.

Ila tmux haizuii mashine kujizima. Ukikatika kwa muda mrefu kuliko `--idle-timeout`, mashine inazimwa na kila kilichokuwa kikiendeshwa kinasimama, faili zinabaki. Kwa kazi ya saa mbili, mfano kuhamisha data kubwa, unda mazingira yenye muda mrefu zaidi kwa ajili ya hiyo kazi tu.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaomaliza saa za watu. Maandishi yanayotoka kwenye terminali huhesabiwa kuwa ni shughuli. Ukiacha terminali imeunganishwa na seva inayochapisha mstari kila sekunde chache, saa ya kimya hairuhusiwi kuanza, na mashine inakesha.

## Hatua ya 5: Iangalie programu yako kwenye kivinjari

Ndani ya mazingira, washa seva:

```
python manage.py runserver 8000
```

Kwenye terminali nyingine ya kompyuta yako:

```
gh cs ports forward 8000:8000
```

Iache wazi, kisha fungua `http://localhost:8000`. Poti ya kwanza ni ya mbali, ya pili ni ya kwako. Waliozoea `ssh -L` huzigeuza, kwa kuwa kule mpangilio ni kinyume. Mkikuta 8000 ya kwako imeshikwa na programu nyingine, ni `8000:9000`, na kivinjarini unafungua 9000.

Ukitaka mteja au mwenzako aone:

```
gh cs ports visibility 8000:public
gh cs ports
```

Amri ya pili inakuonyesha anwani, inayoishia na `app.github.dev`. Django ikiikataa, iongeze kwenye `ALLOWED_HOSTS`, orodha ya anwani zinazoruhusiwa ndani ya `settings.py`.

Onyo: `public` ni kwa kila mtu mwenye anwani, bila kuulizwa nenosiri. Usiifungue programu yenye data ya wateja halisi. Mkimaliza kuangalia, rudisha: `gh cs ports visibility 8000:private`.

## Hatua ya 6: Faili na siri

Kupeleka faili:

```
gh cs cp -e bidhaa.csv 'remote:/workspaces/duka/'
```

Kuleta, geuza mpangilio. Kwa folda nzima ongeza `-r`. Neno `remote:` ndilo linaloitambulisha njia ya mbali. Ukilisahau pande zote mbili, amri haijui iende wapi.

Funguo za malipo na manenosiri ya hifadhidata usiyanakili kwa njia hii, na usiyaweke kwenye faili la `.env` ambalo siku moja litasukumwa kwa bahati mbaya. Yaweke hivi:

```
gh secret set UFUNGUO_WA_MALIPO --user --repos jina-lako/duka
```

Itakuuliza thamani, kwa hiyo haibaki kwenye historia ya terminali. Siri huingia kama kigeu cha mazingira mashine inapowaka; kama ilikuwa inawaka tayari, izime na uiwashe ndipo uione.

## Hatua ya 7: Sukuma, kisha zima

Mpangilio ni huo, na kila siku ni huo. Ndani ya mazingira:

```
git status
git add -A
git commit -m "Fomu ya malipo"
git push
exit
```

Kisha kwenye kompyuta yako:

```
gh cs stop
gh cs list
```

`exit` inakutoa tu. Bila `stop`, mashine inaendelea kula saa mpaka muda wake wa kimya uishe, na ukiwa na tabia ya kuingia na kutoka mara nyingi kwa siku, dakika hizo za kila mara hujumlishwa zikawa kitu.

Kuzima hakupotezi faili, isipokuwa zilizomo `/tmp`. Kujenga upya kwa `gh cs rebuild` ndiko kunakofagia: kinachobaki kwa hakika ni kilichomo `/workspaces`. Ile tmux uliyosakinisha kwa mkono itakuwa imeondoka, pamoja na chochote ulichoweka kwenye folda yako ya nyumbani.

Utajua umefaulu `gh cs list` ikionyesha `Shutdown` badala ya `Available`. Angalia pia safu ya tawi. Ukiona nyota baada ya jina, kama `main*`, humo ndani kuna mabadiliko ambayo hayajafika GitHub.

Anayesahau sahau aihifadhi hii, inayozima kila kinachowaka (Linux, Mac na Termux):

```
for c in $(gh cs list --json name,state \
  -q '.[] | select(.state=="Available") | .name'); do
  gh cs stop -c "$c"
done
```

## Hatua ya 8: Futa

Tawi limeunganishwa, kazi imekwisha: futa. Kuunda mengine kunachukua dakika chache, na yaliyozimwa yanaendelea kukulia hifadhi.

```
gh cs list
gh cs delete -c JINA-REFU
```

Kusafisha yote ambayo hayajaguswa kwa zaidi ya siku 7:

```
gh cs delete --all --days 7
```

Mazingira yakiwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, `gh` inasita na kukuuliza. Swali hilo ni la thamani. Kwa hiyo `--force`, inayolinyamazisha, isikae kwenye mazoea yako wala kwenye skripti. Kilichofutwa hakirudi, na hakuna kapu la takataka la kwenda kupekua.

Na ikitokea mgao umeisha wakati mazingira yana kazi ambayo hukuisukuma, usikimbilie kufuta ili kuokoa hifadhi. Nenda `github.com/codespaces`, bofya nukta tatu mbele ya mazingira hayo, uchague kuhamishia mabadiliko kwenye tawi. GitHub itayatoa bila wewe kuiwasha mashine. Ukishaliona tawi hilo kwenye repo na faili zako zimo, ndipo ufute.